TAHADHARI: muuza saa za "kujifunzia" ni tapeli

Jamani, nina hasira, mtanisamehe nikiandika ovyo. Yule jamaa wa saa, yule yule niliyekuwa namsifia, kaniliza.

Kaniuzia Seiko 5, saa ya mkono ya kujifunzia ufundi wa saa. Kasema mashine ni 7S26, inatembea ila inachelewa kwa sababu mafuta yamekauka, "ndiyo saa ya kuanzia". Na kwa nini nisimwamini? Bei haikuwa ya kutupa hata nishtuke. Picha ya mfuniko wa nyuma kaleta, namba zote zinasomeka. Kisha video: anazungusha kile kichwa cha pembeni kuijaza ufunguo, anakivuta, mshale wa sekunde unasimama tuli, anakirudisha, unaondoka. Hata kushika kibano alinielekeza yeye. Mtu anakuita "fundi wangu mdogo", utamdhania mwizi?

Saa ikafika. Nikatandika kitambaa cheupe, nikasogeza taa, nikafungua mfuniko. Harufu ya gundi! Skrubu vichwa vimelika, bisibisi haina pa kushika. Na moja wala si skrubu, ni tone la gundi lililokauka. Ile nusu duara inayozunguka mkono ukitikisika inakwaruza mfuniko. Springi nyembamba ya balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huku kupima mwendo wa saa, imejisokota kama uzi uliochezewa na paka. Uso wa saa umepakwa rangi upya, herufi zimevimba. Nikampigia. Eti, "Umeiharibu wewe kwa kuifungua." Saa ya kujifunzia kufungua! Halafu akanibloku.

Huyu arudishe hela ya kila aliyemlamba, kisha alale ndani. Na asiniletee habari za "mzigo ulitikiswa njiani", gundi haimwagiki yenyewe kwenye tundu la skrubu. Wanaoanza ndio anaowawinda, kwa sababu anajua hatujui cha kuuliza. Polisi, mahakama, popote, mimi nipo.

Dalili, kabla sijasahau: 7S26 haijazwi kwa kichwa cha pembeni, inajijaza kwa mwendo wa mkono tu. Na ukikivuta hicho kichwa, mshale wa sekunde hausimami. Kwa hiyo ile ya kwenye video ilikuwa saa nyingine kabisa. Mtu aliyeanza juzi angelijulia wapi hilo? Picha ya ndani nayo alikataa, eti vumbi litaingia. Daini picha ya ndani, kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe. Akileta hadithi, ondoka.

Anayetaka jina lake anifuate pembeni. Na kama kuna mwingine aliyelizwa naye, aje na risiti, twende kituoni pamoja.