Uzoefu wangu na fundi seremala aliyeanza kwa kung'oa misumari

Nilimwita fundi seremala kwa kazi tatu: viti sita vya mezani vilivyolegea, meza ya viti hivyo iliyopasuka, na mlango wa chumba uliokuwa ukikwama. Miezi minne imepita tangu anikabidhi kazi, muda ambao naona unatosha kuihukumu, maana kiti chochote kilichotengenezwa hukaa imara wiki ya kwanza.

Viti hivyo vilikuwa vimepita mikononi mwa fundi mwingine, ambaye tiba yake kwa kila kiungo kilicholegea ilikuwa msumari. Huyu wa sasa alikigeuza kimoja juu chini, akakitazama kimya, kisha akanionyesha kwamba msumari haukuwa umeshika kitu: ulikuwa umepasua ulimi, yaani ncha ya mbao inayochomekwa kuunga kiungo, ndani ya tundu lake, na kila aliyekaa alizidi kuupanua ufa. Aliing'oa yote. Viungo alivitenganisha kwa mvuke, kwani gundi ya kale inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama hulainika kwa joto na unyevu, halafu akakwangua mabaki yake kwa patasi mpaka mbao tupu ikaonekana. Nilidhani anapoteza muda, hadi aliponieleza kuwa gundi nyeupe ya siku hizi hushika kwa kunywewa na mbao, hivyo haishiki vizuri juu ya gundi iliyokwisha kukauka. Ndimi zilizolika alizinenepesha kwa vipande vyembamba vya mbao ya aina ileile, akatia gundi, akazibana kwa klampu hadi siku ya pili.

Meza ndiyo iliyonifunza zaidi. Uso wake ulikuwa umekazwa kwa skrubu kwenye fremu bila nafasi yoyote ya kucheza, ilhali mbao hutanuka na kunywea kwa upana kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Uso wenye upana wa mita 1 unaweza kusogea milimita kadhaa kati ya majira makavu na ya mvua, na ukizuiliwa hupasuka. Aliuunga ufa, kisha akayarefusha matundu ya skrubu kwenye fremu ili uso uweze kuteleza.

Nilimtaka pia aupige msasa wote na kuupaka vanishi mpya, akakataa. Alisugua pamba yenye spiriti kwenye pembe iliyofichika, rangi ya juu ikalainika, akasema hiyo ni shelaki, aina ya vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, ambayo husafishwa na kuongezewa mkono mwingine unaoungana na ule wa zamani, na kwamba msasa ungeondoa wekundu ambao mbao imeupata kwa miaka mingi. Nakiri nilinuna siku ile. Leo nikiutazama uso huo jioni, taa ikiwa imewashwa, sioni ningemlaumu kwa lipi.

Mlango ulimchukua muda mfupi. Aliung'oa, akapiga randa ukingo wa upande wa bawaba ili asisogeze kitasa, akapaka vanishi kingo za juu na chini, zilizokuwa zimeachwa wazi zikinywa unyevu.

Hata hivyo, kazi ilichelewa wiki mbili zaidi ya ahadi, na mara zote ni mimi niliyepiga simu kuuliza. Vumbi la randa lilienea hadi vyumba ambavyo hakuvigusa, kwa kuwa hakutandika hata turubai. Makadirio ya gharama aliyatoa kwa mdomo, nami nilifanya kosa la kuyakubali hivyo, tukaja kuvutana kidogo juu ya bei ya mbao za nyongeza. Ningemwita tena, lakini nikiwa na karatasi na kalamu mkononi.

Viti vitano havitikisiki. Cha sita kimeanza kulia kidogo nikiegemea nyuma. Nimemweleza, naye amekichukua bila malipo, akisema kuna ulimi mmoja ambao tangu mwanzo alikuwa na shaka nao.