Mombasa hadi Dar kwa gari binafsi kupitia Likoni na Pangani: uzoefu wangu

Kama shida yako ni kufika Dar tu, pita Tanga, Muheza, Segera, Msata, Bagamoyo, lami mwanzo mwisho, na huna haja ya kusoma zaidi. Ninayoieleza hapa ni njia ya kuandama bahari: Likoni, Ukunda, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Pangani, kisha unavuka mto kwa pantoni kwenda Bweni na kushuka Mkwaja na Saadani. Kwa mandhari sijaona ya kuishinda pwani hii. Lakini wengi huipanga kuanzia Mombasa, na hapo ndipo inapoharibika. Ipange kuanzia kivuko cha Pangani ukirudi nyuma.

Sababu ni maji. Kivuko cha MV Tanga kinafanya kazi kwenye mlango wa mto, na maji ya hapo hupanda na kushuka pamoja na bahari. Maji yakipwa sana, pantoni hukaa chini na mlango wake hulala kwa mteremko mkali. Landcruiser haijali. Gari la chini hukwaruza bampa la mbele likiingia, na bomba la moshi likitoka. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa kama saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na hiyo ndiyo saa anayofika mtu aliyekunywa chai Tanga kwa raha zake. Siku hizo uwe Pangani saa 1 asubuhi, au ujikalie mjini uvuke kuanzia saa 8 mchana. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, vuka saa utakayo mradi kuwe na mwanga, usiku usikitegemee. Jedwali la maji la bandari ya Tanga linatosha, Pangani si mbali. Abiria washuke wapande kwa miguu: gari likiwa jepesi hunyanyuka sentimita kadhaa, na mara nyingi hizo ndizo zinazookoa bampa. Daraja la mita 525 linajengwa hapo. Likifunguliwa hesabu hizi zote zitakwisha kazi.

Nikirudi Likoni, kwenye feri ya kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda kusini. Ukitoka Nairobi moja kwa moja huna sababu ya kuingia kisiwani, barabara ya Dongo Kundu inakutoa upande wa Miritini hadi kusini bila feri. Ukilala mjini, panda feri asubuhi. Umati wa saa hizo unatoka Likoni kuja kazini, wewe unakwenda kinyume chao, kwa hiyo foleni ya magari upande wako ni fupi. Jioni mambo hugeuka. Wanaotembea kwa miguu hawalipi, magari hulipa. Ukishapangwa ndani: breki ya mkono juu, gia ya kwanza au P, injini zima, vioo shusha, mikanda fungua. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri hapo hapo, mama na mtoto wake wakafa. Mimi husimama nje ya gari muda wote, na wenzangu vilevile.

Karatasi za kuandaa kabla ya kuondoka Mombasa: pasipoti (ya Afrika Mashariki inatosha), logibuku (hati ya umiliki wa gari), leseni, bima, na barua ya mwenye gari kama logibuku haina jina lako. Gari la mkopo linataka na barua ya benki. Halafu kuna njano mbili ambazo watu huchanganya. Kadi ya njano ya COMESA ni bima ya gari, unaikata kwa kampuni yako ya bima nyumbani. Tanzania si mwanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, lakini imo katika mpango huo wa bima. Cheti cha homa ya manjano ni cha mwili wako. Chanjo ni moja kwa maisha, ila cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo aliyechanjwa jana hajafanya kitu.

Kadi ya COMESA inalipa hasara ya mtu wa tatu na matibabu ya dereva na abiria, si gari lako. Gari lako likiumia, ni mkataba wako wa bima kubwa utakaosema kama unavuka mpaka, na jibu la wakala kwa simu si jibu. Litake kwa maandishi. Ukipewa kadi, simama pale pale usome namba ya chesi tarakimu kwa tarakimu ukilinganisha na logibuku. Wakala mmoja aliniandikia 8 badala ya B. Kosa la aina hiyo kwa wakala linarekebishwa kwa dakika mbili, lakini mpakani, ambako ofisa hufungua boneti na kusoma chuma chenyewe, linakula nusu siku.

Horohoro ni mpaka wa kituo kimoja. Ukienda Tanzania, usipoteze muda kupanga foleni Lunga Lunga, upande wa Kenya. Endesha hadi jengo la upande wa pili, hapo unagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania. Mpangilio: afya, uhamiaji wa Kenya, uhamiaji wa Tanzania, forodha ya Kenya, kisha TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania) kwa kibali cha muda cha gari, mwisho ukaguzi. Vijana watakaokimbilia gari wakikwambia bila wao hupiti, wasalimie uendelee, kila dirisha lina ofisa wake. Jipe muda kabla mabasi ya Dar na Mombasa hayajafika, maana basi moja tu linajaza ukumbi. Mifuko ya plastiki iache Mombasa, nchi zote mbili zimeipiga marufuku.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kama kilomita 65 za lami safi, na usafi huo ndio mtego. Penye kibao cha 50 endesha 50 mpaka uone kibao kilichokatwa mstari, hata kama nyumba zimekwisha zamani. Askari wenye tochi za kupima mwendo hukaa mahali hasa ambapo mguu wako umeshachoka kusubiri. Faini ni shilingi 30,000 za Tanzania, inalipwa kwa namba ya malipo, si mkononi. Pembetatu mbili na kizimamoto ukaguliwapo viwe vinafikika, visiwe chini ya mizigo.

Lala Tanga. Jaza tangi hapo, badilisha fedha hapo, na kesho yake ukienda Pangani simama Tongoni uone magofu ya msikiti na makaburi yenye minara.

Kusini ya Bweni ndipo penye uzuri wenyewe: minazi, mkonge, mibuyu, bahari inajificha na kutokea. Barabara imo katika ujenzi, kwa hiyo tarajia vipande vya vumbi na michepuko. Mwezi wa Machi hadi Mei usithubutu na gari la magurudumu mawili yanayovuta. Udongo mweusi wa upande wa Saadani ukilowa hushika tairi kama ugali wa moto, na wa kukuvuta hayupo karibu. Julai hadi Septemba ni salama zaidi. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi hadi psi 22 au 25, na uwe na pampu ya kuurudisha ukifika lami.

Saadani ni hifadhi ya taifa, geti halipokei fedha taslimu. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi ya Tanzania, lakini gari lenye namba za Kenya hutozwa kwa dola, na hapo ndipo bajeti za wengi huvunjika. Piga hesabu ya gari kabla ya hesabu ya watu. Mbung'o wapo, na wanapenda rangi ya buluu na nyeusi, vaeni kahawia. Kutoka Saadani hadi lami ya Mandera (ya Tanzania, si ile ya Kenya) ni kama kilomita 60, halafu Msata, Bagamoyo, Dar.

Kibali cha gari cha TRA kiweke pamoja na pasipoti, si kwenye droo ya gari. Angalia tarehe ya mwisho wake. Ukitaka kukaa zaidi, kiongeze muda kabla hakijaisha. Ukirudi unasimama jengo la Lunga Lunga, na hapo lazima kifungwe kwenye mfumo. Ukipita bila kukifunga, safari ijayo gari lako litaonekana bado liko Tanzania, na hutapewa kibali kipya mpaka kile cha kwanza kifungwe.