Del Maguey Vida: mezkali inayostahili ndimu yako

Kama unapenda kuchanganya kokteli nyumbani na umeshachoka na wiski ile ile, tafuta mezkali, pombe kali ya Mexico inayokenekwa kutoka mmea wa agave. Mimi natumia Del Maguey Vida, asilimia 42, ambayo yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliniletea kutoka Johannesburg. Hapa Lubumbashi kuipata ni bahati, na bei ya chupa moja inanunua kreti kadhaa za bia ya Simba. Nasema inastahili, kwa sababu ya moshi wake.

Ukitoa kizibo tu, unausikia. Shemeji yangu, mtu wa bia, aliinusa akauliza: "Shemeji, hii waliipikia kwenye makala, makaa haya ya kupikia?" Hakuwa mbali na ukweli. Inatoka San Luis del Río, kijiji cha jimbo la Oaxaca, Mexico. Wanachukua moyo wa agave aina ya espadín, mmea wa ukoo mmoja na mkonge, wanauzika katika shimo la mawe yaliyopashwa moto kwa kuni, wanafunika kwa udongo na kuuacha siku kadhaa. Aliyewahi kuona wachoma makala wetu wakifunika tanuri lao porini ataelewa mara moja. Moshi unaingia ndani ya mmea wenyewe. Baada ya kuchachuka, inakenekwa mara mbili katika mitambo ya shaba. Shaba, jamani, watu wa Lubumbashi, mji wetu wa shaba! Agave ya tequila kwa kawaida hupikwa kwa mvuke, ndiyo maana tequila haina harufu hii.

Vipimo vyangu: mililita 60 za mezkali, 30 za ndimu, 20 za sukari iliyoyeyushwa kwa maji kiasi sawa, na ute mweupe wa yai moja. Ndimu iwe ile ndogo ya kijani, yenye ganda jembamba, ikamuliwe palepale. Maji ya ndimu ya chupa yana uchungu unaofunika moshi wote. Yai nalo liwe jipya. Ukiwa na shaka nalo, liache, utakosa povu tu.

Tikisa kwanza bila barafu, kwa nguvu, mpaka ute uumuke. Kisha weka barafu, tikisa tena hadi chombo kikuchome vidole kwa baridi. Chupa ya mayonezi yenye mfuniko wa kukaza inatosha, pamoja na chujio la chai. Povu linasimama juu, zito na jeupe. Ukisogeza glasi puani, moshi unatangulia, ndimu inafuata, na utamu wa agave iliyochomwa unabaki ulimini muda mrefu.

Kinachonifurahisha zaidi ni kuweka asali ya porini badala ya sukari, ile nyeusi ya misitu ya miombo inayouzwa kando ya barabara ya Likasi. Mililita 15 zinatosha. Iyeyushe kwa maji ya moto kidogo, la sivyo itaganda kwenye barafu. Asali hiyo ina moshi wake pia, na inakutana vizuri na wa mezkali.

Wapo wanaosema lutuku, pombe kali yetu ya kienyeji, ingefanya kazi hiyo hiyo. Hapana. Lutuku ina ukali bila moshi, na siwezi kumpa mgeni pombe ambayo sijui imekenekwa vipi.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 12. Gawanya bei yake, kisha linganisha na kokteli moja ya hoteli pale mjini. Yaya nimeshamwagiza nyingine.