Niliilaumu pampu, kumbe tumbo langu

Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu darasa la sita, na miaka yote hiyo nilijidunga insulini, dawa ya kushusha sukari, kwa kalamu yake ya sindano. Mwaka jana ami yangu wa Maskati akaniletea pampu ya insulini, kijimashine kinachoitia mwilini bila kujidunga kila mara. Ina miezi minane sasa kiunoni mwangu, chini ya buibui, na hapa Wete sijaonana na mwengine aliye nayo.

Mwezi wa kwanza niliichukia. Napiga dozi ya chakula, nakula wali kwa mchuzi wa pweza, baada ya saa mbili sukari 17, juu mno. Naongeza yuniti tatu za insulini, kimya. Naongeza tena. Usiku wa manane zote zinafika kwa pamoja, naamka natetemeka, napapasa kopo la sukari jikoni gizani, mama anadhani mwizi. Nikamwambia ami kauziwa kibovu.

Nesi wa kliniki hakuigusa hata pampu. Alinilaza, akabonyeza tumbo kwa vidole. "Hapa pana donge, unalisikia?" Kulia kwa kitovu, pale nilipopazoea kwa sababu hapaumi, mafuta yalikuwa yamevimba kwa sindano za miaka. Nami ndipo nilipokuwa nachomeka kanula, kile kijimrija cha pampu kinachoingia chini ya ngozi! Pampu haitii insulini kwenye mshipa. Inaitia kwenye mafuta chini ya ngozi, na huko molekuli zake zimeshikana sita kwa sita, lazima ziachane kwanza ndipo zipenye kwenye vijishipa vya damu. Penye donge huwezi kujua zitapenya saa ngapi.

Nikahamia ubavuni na makalioni, kila mara pahala papya. Dozi ileile ikawa nyingi mno, daktari akaipunguza. Sasa napiga robo saa kabla ya kula na sukari inanisikia.

Jua nalo lina yake. Ngozi ikipata moto damu hukimbia, na insulini hufuata. Kiangazi nimetembea mchana mmoja tu kwenda shamba, nikafika sukari imeshuka mpaka 3.2.

Kasoro kubwa ni hii: ndani mna insulini ya haraka peke yake, mwilini haibaki akiba, pampu ikikatika sukari inapanda upesi. Safari moja ya boti kutoka Mkoani kwenda Unguja nilitapika njia nzima nikajua ni bahari, maana jirani yangu naye alikuwa na mfuko wake. Kupima, 22. Kanula ilikuwa imekunjika tangu asubuhi, insulini haiingii. Tangu siku ile kalamu haitoki mkobani.

Kanula hubadilishwa kila siku ya pili au ya tatu. Niliwahi kuivuta moja mpaka siku ya tano kwa ubahili, sukari ikanipandia na ngozi ikawa nyekundu. Dukani hapa hazipo. Zimenibakia mbili, na ami haji mpaka baada ya Idi, kwa hiyo wiki ijayo narudi kwenye kalamu.