Jiko la makaa la Kamukunji, kwa wale wa githeri ya Jumapili

Wacha niseme mapema, kama unatafuta kitu cha kuchemsha chai haraka asubuhi ukimbilie matatu, hili jiko si lako, baki na gesi yako. Mimi nalisifu kwa kazi moja tu, githeri (mahindi na maharagwe) ya Jumapili kwa hii miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, wakati jua la Nairobi linagoma kabisa, usiku inashuka mpaka digrii 11 hivi na hizi nyumba zetu za mawe hazijui kitu inaitwa hita.

Ni lile la kiuno chembamba la mafundi wa Kamukunji hapa Nairobi, bati nje udongo ndani, mnalijua. Wengi hudhani ni la enzi za mababu kumbe lilibuniwa miaka ya 80, wazo likatolewa kwa majiko ya Thailand, mafundi wa jua kali wakalichukua likawa letu. Na hicho kiuno si urembo bana. Udongo umekaa nusu ya juu peke yake, chini ni pa jivu na kale kamlango ka hewa, ukikafunga makaa yanatulia, ukikafungua yanaamka. Raha yote iko hapo, kwa sababu githeri haitaki moto wa hasira. Huku tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwa digrii 94 hivi, so mahindi makavu na maharagwe hata uloweke usiku kucha bado yanataka masaa yao, na kwa gesi utakuwa unahesabu pesa kila ukiangalia mtungi.

Lakini hayo masaa ndio mimi nanunua kusema ukweli. Sufuria ikishakaa hapo nje hakuna mtu anabaki kwa blanketi na simu yake, mmoja anakuja kumenya waru (viazi), mwingine anachambua dania, mathe anauliza kama maji yamekauka (hayajakauka, ameuliza saa hii tu), na mtoto anafukia kiazi kitamu kwa jivu. Kitunguu na nyanya unakaanga mwisho. Makaa yakianza kuisha unabandika uji wa wimbi, ule mchachu, na jioni imeshapangika.

Ukienda kununua usikubali la kwanza unaonyeshwa. Gonga udongo na kucha, mzima unalia vizuri, wenye ufa unatoa sauti imekufa. Angalia pale udongo umeshikana na bati, kama kuna pengo wacha. Moto wa kwanza uwe mdogo, na usimwage maji likiwa moto eti unazima makaa, litapasuka na utarudi kumlaumu fundi bure.

Na tafadhali, liwashwe nje ama kwa balkoni, hata kama baridi inauma vipi usilale nalo ndani. Ile hewa ya sumu haina harufu, kila msimu kama huu tunasikia familia imepotea hivyo.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya vishikio, ni bati tupu, likishika moto hulisongeshi bila kitambaa kinene, na hakuna fundi niliyemuuliza aliona hiyo ni shida.