Hoteli ya mboga Malindi, wenye wageni Wajaini nendeni

Jamani hii hoteli ndogo ya mboga huku Malindi mjini muijue. Nilimpeleka rafiki yangu Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Kijaini iliyotoka India, kutoka Mombasa, na wenzetu hawa si nyama, samaki na mayai tu hawali, walioshika dini sana hata viazi, vitunguu, saumu na karoti hawagusi, manake ukiking'oa kitu cha chini mmea wote umekufa na vidudu vya kwenye udongo navyo vinaumia, na kutodhuru kiumbe, ahimsa wanaita, ndio nguzo ya dini yao. Basi mpishi alielewa hapo hapo! Akatoa dengu, bamia, na mchuzi wa ndizi mbichi badala ya viazi, mtamu wallahi, mimi mwenyewe niliongeza sahani. Tena walituwahishia kabla jua kutua, kwa sababu wengi wao usiku hawali. Chai tu ndio walitia tangawizi mbichi, nayo yatoka ardhini, ikabidi wapike ingine, wakapika bila kununa. Msimu wa Paryushan, zile siku 8 za kufunga na kuombana msamaha (Wadigambara, dhehebu lao moja, hufanya 10), ongeeni nao mapema. Fikeni saa kumi na moja jioni, baadaye panajaa.