Nimetoa kabureta kwenye Chevelle ya 1970 nikafunga Sniper 2: maoni yangu kwa wenye V8 za zamani

Wakuu habari zenu, tangu watu waone nimetoa kabureta kwenye Chevelle nikafunga Sniper 2, mfumo wa Holley wa kunyunyiza mafuta kwa injekta zinazoongozwa na kompyuta, maswali hayaishi, wengi ni Wabongo na Wakenya wenzangu tulio huku Marekani wenye Mustang, Camaro au Nova imepaki gereji, na kuna wawili watatu wako Nairobi kabisa na mashine zao, sasa badala ya kumjibu kila mtu kivyake naweka yote hapa mtu asome atulie.

Gari yangu ni Chevelle ya 1970, injini 350 (inchi za ujazo), ile V8 ndogo ya Chevrolet, ilikuja na kabureta ya Rochester Quadrajet na kiwanda waliandika hp 300. Gia ni TH350 ya otomatiki. Naishi Aurora pembeni ya Denver, na hili la kuishi huku ndiyo sababu kubwa ya mimi kuhama maana Denver yenyewe iko futi 5,280 juu ya bahari, na ukisema wikiendi upande milimani kwa I-70 unafika Eisenhower Tunnel iko zaidi ya futi 11,000 na ni mwendo wa saa moja na kitu tu. Kabureta haina habari kwamba hewa imepungua, jeti ni tundu, inamwaga mafuta yale yale, kwa hiyo unavyopanda mafuta yanazidi hewa, plagi zinakuwa nyeusi, gari inakuwa nzito na harufu ya petroli unaisikia mpaka ndani. Na watu wa Nairobi mnalijua hili vizuri, nyinyi mko kama mita 1,795, kabureta ukiiseti Nairobi ikakaa vizuri kabisa halafu ukashuka nayo Mombasa inageuka kinyume, mafuta yanakuwa machache, ukiikanyaga kwenye mlima injini inaanza kugonga.

Niseme ukweli mapema ili mtu asipoteze hela. Injekta haikuongezei nguvu. Kabureta iliyosetiwa na fundi anayejua, ukikanyaga mpaka chini, inatoa hp karibu sawa na mfumo wowote kati ya hii ninayoisema. Na kimo cha juu kinakula nguvu ya injini kama asilimia 3 kila futi 1,000, hiyo hakuna kompyuta itakayokurudishia, injini isiyo na turbo inapumua hewa iliyopo basi. Unachonunua ni gari kuwaka asubuhi ya baridi bila kupampu pedali na kusubiri choki, kushika sailensa (injini kuzunguka taratibu bila kukanyaga mafuta) kwenye taa wakati wa joto, na mchanganyiko kubaki sahihi ukipanda na kushuka. Pia petroli ya siku hizi hapa nyingi ina ethanoli asilimia 10, inachemka haraka kwenye kabureta iliyokalia manifodi ya moto, ndiyo maana unazima gari dukani ukirudi baada ya dakika ishirini inakusumbua kuwaka. Kama gari yako inatoka Jumapili tu, mji mmoja, tambarare, na kabureta iko salama, mimi naona ibakize, tena utakuwa umetunza uasili wake.

Sasa aina zenyewe. Kuna zile zinazokaa pale pale kabureta ilipokuwa, throto bodi yenye injekta nne na kompyuta imejengewa humo humo, ukifunika na kifuniko cha hewa mtu hajui kama siyo kabureta. Hapo ndipo ilipo Sniper ya Holley, Go EFI ya FiTech na nyingine. Halafu kuna mfumo wa injekta moja kwa kila silinda, mfano Pro-Flo 4 ya Edelbrock, inakuja na manifodi yake na distribyuta yake, unaiseti kwa tableti. Tofauti ni kwamba ya kwanza mafuta yanamwagwa juu yanasafiri kwenye manifodi yakiwa majimaji kama kabureta tu, silinda za pembeni zinaweza zisipate sawa na za kati, ya pili inanyunyiza mlangoni kwa valvu kabisa, kila silinda na chake, sailensa inakuwa laini zaidi na majibu ya pedali yanakuwa mepesi. Nimeiendesha Camaro ya rafiki yenye Pro-Flo 4 na kwa kweli ni kitu kizuri sana. Ila bei yake iko juu zaidi, na lazima uipate ya injini yako hasa, 350 ina yake na Ford 302 ina yake. Throto bodi unaanza na dola elfu moja na kitu na inakaa kwenye V8 karibu zote zenye kabureta ya midomo minne.

Na hii habari siyo ngeni hata kidogo, Chevrolet waliuza injekta za Rochester za kimakanika tangu 1957, injini ya 283 ikatoa hp 283, na Corvette ya 1965 ilikuwa nayo kwenye 327 ikifika hp 375. Chrysler wao 1958 walijaribu ya umeme ya Bendix, ikasumbua mpaka nyingi zikarudishiwa kabureta, vifaa vya elektroniki vya wakati ule vilikuwa havijaiva. Kwa hiyo mtu akikwambia V8 ya zamani na injekta haviendani mwambie vimekuwa pamoja tangu miaka ya hamsini.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Watu wanatumia miezi wanabishana Sniper au FiTech, wakati gari ikija kusumbua, mara nyingi sana shida haiko kwenye throto bodi. Iko kwenye tangi na kwenye waya. Chagua mfumo wa mafuta kwanza, jina la boksi baadaye!

Angalia, pampu ya kimakanika ya zamani inasukuma presha ya psi 5 mpaka 7. Hizi throto bodi zinataka 58 hivi. Kwa hiyo pampu ya umeme haikwepeki, swali ni unaiweka wapi. Kuna tatu. Ya kwanza ni pampu ya nje chini ya gari karibu na tangi, rahisi, lakini hizo zinajua kusukuma hazijui kuvuta, zinapiga kelele, na tangi la zamani halina kizuizi ndani kwa hiyo mafuta yakiwa robo ukikata kona yanakimbilia upande mmoja, pampu inameza hewa, injini inakata. Kabureta ilikuwa na akiba yake kwenye bakuli ikakuvumilia, injekta haina akiba, presha ikishuka sekunde moja unaisikia. Ya pili ni kitangi kidogo chini ya boneti, pampu ya zamani inakijaza na ndani yake kuna pampu ya presha, watu wanakipenda kwa sababu hugusi tangi. Mimi sikishauri kwa gari inayoendeshwa. Jamaa yangu alikuwa nacho, siitaji kampuni, kiangazi kwenye foleni joto la injini lilikipata mafuta yakaanza kutoa mvuke na gari ikawa inazima zima, mwisho akaking'oa. Ya tatu ni pampu ndani ya tangi. Hii ndiyo yenyewe. Unanunua tangi jipya lenye umbo la lile la kiwanda lakini lina kisima na vizuizi ndani, pampu inakaa humo inapozwa na mafuta yenyewe, husikii kitu, dola kama 500 mpaka 800 kulingana na gari. Pampu ya lita 255 kwa saa inamtosha mtu wa 350 na inabaki. Weka na mrija wa kurudisha mafuta kwenye tangi, hata kama mfumo unasema unaweza kwenda bila, mafuta yanayozunguka hayachemki.

Na mipira jamani. Mpira wa kawaida wa mafuta ulioandikwa 30R7 ni wa kabureta, usiuache kwenye laini ya presha hata inchi mbili, tafuta wenye 30R9, na ule unaokaa ndani ya tangi umezama kwenye petroli ni 30R10. Petroli ikivuja kwa psi 58 inatoka kama dawa ya kunyunyiza na chini kuna ekzosi ya moto. Mimi niliongeza na swichi ya mgongano, ile Ford walikuwa wanaweka kwenye magari yao, gari ikigongwa inakata umeme wa pampu. Kompyuta nayo inazima pampu injini isipozunguka lakini hiyo swichi ni bei ndogo sana kwa amani unayopata.

Waya sasa. Kompyuta imekaa juu ya injini, sentimita chache kutoka kwenye distribyuta na waya za plagi, na moto wa plagi unatoa kelele za umeme zinazoweza kuichanganya ikafikiri injini inazunguka rpm zisizokuwepo. Waya nyekundu na nyeusi kubwa zipeleke kwenye betri yenyewe, siyo kwenye fyuzi boksi, siyo kwenye bodi. Waya za plagi ziwe za kuzuia kelele, zile za shaba tupu ndani toa. Waya za kompyuta zisilale pamoja na za plagi. Ile ya pinki ya swichi iwe na volti 12 ufunguo ukiwa ON na pia wakati unapiga stata, kwenye magari ya GM ya zamani kuna sehemu ukipiga stata umeme unakatika, utahangaika gari haiwaki kumbe ni hiyo. Na kama una boksi la moto aina ya MSD 6AL usichukue signo kwenye hasi ya koili, chukua kwenye tundu lake la takometa (kipimo cha rpm), ukikosea hapo unaunguza kompyuta. Alteneta nyingi za enzi hizo zilikuwa amp 37 tu, kwenye sailensa na taa zimewaka haitoshi kulisha pampu, mimi niliweka ya amp 100.

Nikiwa nimemaliza hayo ndipo nikanunua Sniper 2, na nilichagua hiyo kwa sababu tatu: inahimili mpaka hp 650 na mimi sitafika huko kamwe, distribyuta ya Holley inaongea nayo moja kwa moja kwa hiyo signo ni safi na kompyuta inaweza kuongoza taimingi, na spea pamoja na watu wa kuuliza wapo wengi mno hapa Marekani, ukikwama usiku unapata jibu. Manifodi ya Quadrajet ilikuwa na matundu mawili madogo mawili makubwa, flenji haikai sawa na throto bodi, adapta zipo lakini nilibadilisha manifodi kabisa nikaweka ya aluminiamu.

Kuiseti ni kwenye kiskrini cha kugusa cha inchi tatu na nusu, unaiambia silinda 8, ukubwa wa injini, kamshafti ya aina gani, sailensa unataka rpm ngapi, basi. Inawaka. Injini ikifika kama nyuzi 71 za Selsiasi inaanza kujifunza yenyewe kupitia sensa ya oksijeni uliyochomelea kwenye ekzosi. Hapo kwenye sensa kuwa makini, ikae nyuma ya pale mabomba yanapokutana, imeinama juu kidogo kuliko usawa maji yasikae ndani yake, na ekzosi isivuje mbele yake hata kidogo, maana ikivuta hewa ya nje kompyuta inadhani mafuta hayatoshi inaongeza, inaongeza, mpaka gari inafuka na wewe unalaumu mfumo. Kitu kingine ambacho watu wanaruka ni skrubu ya sailensa, injini ikiwa moto irekebishe mpaka IAC (valvu ya hewa ya sailensa) isome kati ya asilimia 2 na 10, usipofanya hivyo gari inazima ukisimama kwenye taa.

Kwa wenye kamshafti kubwa, zile zinazotikisa gari likiwa limesimama, jueni vakyumu ikiwa chini ya inchi 10 za zebaki kwenye sailensa kujifunza kwake kunakuwa kugumu, itabidi ukae na laptopu au umlipe fundi wa kuseti. Kamshafti yangu ni ya kawaida haikusumbua. Na kama gia yako ni 700R4 usiondoke dukani bila kile kipande cha kushikilia kebo ya TV (ile inayoiambia gia umekanyaga mafuta kiasi gani) kwenye throto, pembe yake ikikosewa unaua gia.

Barabarani sasa. Asubuhi za Januari huku ni chini ya sifuri, nageuza ufunguo, nasubiri pampu ijaze presha, inawaka na kukaa. I-70 kupanda inavuta kama inavyovuta mjini ukitoa ile nguvu inayoliwa na kimo, plagi nilizotoa zina rangi ya kahawia safi. Mafuta imepunguza kidogo kwenye safari ndefu, sitasema maajabu. Moshi wa ekzosi ukisimama nyuma hauumi macho tena, mke wangu ambaye alikuwa hapandi siku hizi ndiye anayeniuliza tunaenda wapi.

Gharama yote, throto bodi, distribyuta, tangi na pampu, mipira, manifodi, alteneta, ilipita dola 3,000 na kazi nilifanya mwenyewe, kwa hiyo ukiona tangazo la dola elfu moja na kitu jua hiyo ni theluthi ya safari. FiTech ukiipata kwa bei nzuri na una tangi zuri na waya safi, chukua, itakutumikia. Pro-Flo 4 kama bajeti inaruhusu na unajenga injini upya, chukua hiyo moja kwa moja usizunguke.

Kwa asiye na hela yote kwa mkupuo, anza na tangi lenye pampu ndani na mrija wa kurudisha, funga regyuleta (kidhibiti cha presha) ya kabureta aina ya kurudisha mafuta iseti psi 6, kabureta yako itakunywa bila shida yoyote, mwakani ukipata hela ya throto bodi unabadilisha regyuleta tu na kuendelea. Anayetaka picha za jinsi nilivyopitisha waya aniambie ni gari gani na injini gani nimtumie.